KUFUNDISHA KAZI YA VITAMINI: MFANO WA OKSIDI YA NITRIKI MWILINI
Mawazo kwa walimu wa sayansi wa Njombe na Makambako

Utangulizi

Katika shule zetu nyingi somo la vitamini hufundishwa kwa orodha. Mwalimu huandika ubaoni: vitamini A, macho, vitamini C, fizi, vitamini D, mifupa. Wanafunzi hunakili, hukariri, na siku ya mtihani hujibu sawasawa. Lakini mwanafunzi yuleyule akiulizwa, "Vitamini C hufanya nini hata ikawa na faida?" hujibu kwamba "hukinga mwili", na mazungumzo huishia hapo. Hatuwezi kumlaumu, kwa kuwa hakuna aliyemwonyesha vitamini ikiwa kazini.

Udhaifu huu hauishii darasani. Mji wa Makambako umekaa penye njia panda ya barabara ziendazo Iringa, Mbeya na Njombe, na reli ya TAZARA, iliyokamilika mwaka 1975, hupita papo hapo. Mahali penye wasafiri wengi kiasi hicho hapakosi wachuuzi wa vidonge, chupa na unga wa kila namna, wakiahidi kwamba bidhaa zao "husafisha mishipa", "hufungua damu" au "huongeza nguvu". Mtu aliyekariri orodha ya vitamini hana kipimo cha kupimia maneno hayo. Mzazi aweza kutoa fedha ya maharage na mboga ya juma zima akanunua chupa moja. Mgonjwa wa shinikizo la damu naye aweza kuacha dawa ya hospitali kwa kuahidiwa nafuu ya haraka. Wote wawili walipita mikononi mwetu sisi walimu.

Katika makala haya tunakusudia kueleza namna vitamini zinavyohusika na upatikanaji wa gesi moja mwilini, iitwayo oksidi ya nitriki, kisha tuonyeshe jinsi mwalimu awezavyo kuutumia mfano huo darasani kwa zana za bei ndogo. Jambo kuu tunalotaka lishikwe ni hili: vitamini si malighafi ya gesi hii, wala kuzimeza kwa wingi si tiba. Kazi yake ni kukisaidia kiwanda cha mwili na kukilinda kile kilichokwisha kutengenezwa. Mwanafunzi atakayelielewa hilo atakuwa na kipimo cha kumsaidia darasani, jikoni na sokoni.

Oksidi ya nitriki ni kitu gani?

Oksidi ya nitriki ni gesi yenye atomu moja ya naitrojeni na atomu moja ya oksijeni. Isichanganywe na oksidi ya nitrasi, gesi nyingine ambayo madaktari huitumia kupunguza maumivu. Kwa muda mrefu oksidi ya nitriki ilijulikana zaidi kama uchafu wa hewa utokao katika injini za magari, na kama gesi inayotokea radi inapopiga. Ni wachache waliodhani kwamba miili yetu huitengeneza kila wakati.

Mwaka 1980 mtaalamu wa Marekani, Robert Furchgott, alionyesha kwamba mshipa wa damu uliopewa dawa fulani hulegea iwapo tu utando wake wa ndani ni mzima. Utando ukikwanguliwa, mshipa haulegei. Kwa hiyo utando huo ulikuwa ukitoa kitu kinachouamuru mshipa kulegea. Kitu hicho kilibainika mwaka 1987 kuwa oksidi ya nitriki, kwa kazi ya Salvador Moncada na wenzake huko Uingereza na ya Louis Ignarro huko Marekani. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1970, Ferid Murad alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba nitrogliserini, dawa ya maumivu ya kifua iliyotumiwa tangu karne ya 19, hufanya kazi kwa njia ya gesi hiyo hiyo. Furchgott, Ignarro na Murad walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1998. Wanafunzi hupendezwa kusikia kwamba Alfred Nobel mwenyewe, aliyetajirika kwa kutengeneza baruti ya nitrogliserini, aliandikiwa na madaktari nitrogliserini hiyo hiyo kuwa dawa ya moyo wake uzeeni.

Kazi za gesi hii mwilini ni nyingi. Huilegeza mishipa ya damu ili ipanuke na damu ipite kwa urahisi. Huzuia chembe za kugandisha damu zisishikamane ovyo. Hupeleka habari baina ya baadhi ya seli za neva. Tena ni silaha mojawapo ya chembe nyeupe za damu zinapopambana na vijidudu.

Jambo la kukumbuka ni kwamba gesi hii haiwekwi akiba kama sukari au mafuta. Baada ya kutengenezwa hudumu kwa sekunde chache tu, kisha hugeuka kuwa kitu kingine. Basi kiasi kinachopatikana kwa matumizi hutegemea mambo mawili, ambayo mwalimu aweza kuyaandika ubaoni hivi:

Kinachopatikana = kinachotengenezwa, kutoa kinachoharibiwa.

Vitamini hushughulika katika pande zote mbili za hesabu hii.

Njia mbili za kuitengeneza

Njia ya kwanza huanza na aginini, asidi amino iliyomo katika protini za vyakula kama maharage, karanga, nyama, samaki na maziwa. Mwili pia hujitengenezea kiasi fulani. Kimeng'enya maalumu huchukua aginini na oksijeni, kikatoa oksidi ya nitriki. Kimeng'enya hicho hakifanyi kazi peke yake. Kina wasaidizi ambao bila wao husimama. Wawili kati yao hutengenezwa kutokana na vitamini B2, na mmoja hutokana na niasini, yaani vitamini B3. Msaidizi mwingine ni tetrahidrobiopterini, ambayo mwili huitengeneza wenyewe. Sisi tutaiita biopterini kwa kifupi.

Biopterini ina tabia moja mbaya: huharibika upesi kwa uoksidishaji, yaani kwa kushambuliwa na namna za oksijeni zenye ukali. Ikiharibika, kimeng'enya hakisimami tu, bali hufanya kazi kinyume. Badala ya kutoa oksidi ya nitriki, hutoa supaoksidi, nayo supaoksidi huishambulia na kuiharibu hata ile oksidi ya nitriki iliyokwisha kutoka. Hapo hesabu yetu huharibika pande zote mbili: kinachotengenezwa hupungua, na kinachoharibiwa huzidi.

Njia ya pili hupitia mboga za majani. Mimea hufyonza nitrati kutoka udongoni na kuihifadhi, hasa katika majani. Mchicha, figili na kiazisukari chekundu zina nitrati nyingi. Tukila mboga hizo, nitrati huingia katika damu, na kiasi cha robo yake hukusanywa na tezi za mate na kurudishwa kinywani. Juu ya ulimi wanaishi bakteria wanaoigeuza sehemu ya nitrati hiyo kuwa nitriti. Tunapomeza mate, nitriti hukutana na asidi ya tumboni, na sehemu yake hugeuka kuwa oksidi ya nitriki. Nitriti inayoingia katika damu nayo yaweza kugeuzwa hivyo hivyo mahali penye upungufu wa oksijeni. Mwaka 2008 wataalamu wa London walieleza kwamba watu wenye afya waliokunywa nusu lita ya maji ya kiazisukari chekundu walishuka shinikizo la damu kwa muda wa saa kadhaa. Lakini walipozuiwa kumeza mate yao baada ya kunywa, badiliko hilo halikuonekana.

Nafasi ya kila vitamini

(a) Vitamini C. Hii hufanya kazi katika njia zote mbili. Katika njia ya kwanza huikinga biopterini isiharibike, na hivyo hukifanya kimeng'enya kiendelee kutoa oksidi ya nitriki badala ya supaoksidi. Katika njia ya pili, inapokuwa tumboni pamoja na nitriti, husaidia nitriti igeuke kuwa oksidi ya nitriki, na hupunguza uwezekano wa nitriti hiyo kufanya michanganyiko yenye madhara iitwayo nitrosamini. Hii ni sababu mojawapo ya kutolinganisha mboga ya majani na nitrati tupu: mboga huja na mlinzi wake.

(b) Folati, yaani vitamini B9, pamoja na B6 na B12. Folati husaidia kuirudisha katika hali yake biopterini iliyoharibika. Zaidi ya hayo, folati, B6 na B12 hushirikiana kuipunguza homosisteini katika damu. Kitu hiki kikizidi, huuathiri utando wa ndani wa mishipa na kupunguza oksidi ya nitriki. Folati imo katika maharage, kunde na mboga za majani. Vitamini B12 hupatikana katika nyama, samaki, mayai na maziwa.

(c) Vitamini B2 na B3. Kama tulivyosema, hizi ni sehemu za vyombo vya kimeng'enya chenyewe. Maziwa ni chanzo kizuri cha B2, na Njombe ni nchi ya maziwa; lakini B2 huharibiwa na mwanga, kwa hiyo maziwa yaliyoachwa juani katika chupa nyeupe hupungukiwa. Mahindi nayo hupoteza vitamini nyingi za kundi B yanapokobolewa ili kupata sembe. Dona huzibakiza zaidi.

(d) Vitamini E. Hii hukaa katika mafuta na kuta za seli, ambako huzuia uoksidishaji usienee. Ikishaharibika katika kazi hiyo, vitamini C huweza kuirudisha katika hali yake. Karanga, alizeti na parachichi ni vyanzo vyake vizuri, na parachichi sasa ni zao kubwa la biashara katika Mkoa wa Njombe.

(e) Vitamini D. Hii huchochea seli za utando wa mishipa zitengeneze kimeng'enya chenyewe. Ngozi huitengeneza kwa mwanga wa jua.

Mwalimu ataona kwamba hakuna hata moja katika hizi iliyo malighafi ya oksidi ya nitriki. Naitrojeni ya gesi hutoka katika aginini au katika nitrati. Vitamini ni wasaidizi na walinzi.

Ushahidi kutoka Afrika Mashariki

Msomaji aweza kudhani kwamba habari hizi ni za maabara za Ulaya na Marekani tu. Sivyo. Baadhi ya kazi zinazojulikana sana kuhusu gesi hii zilifanywa kwa watoto wa Tanzania.

Mwaka 1996 Nicholas Anstey na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya watoto wa Kitanzania na malaria. Walitazamia kwamba huenda oksidi ya nitriki ikizidi ndiyo iliyowadhuru watoto wenye malaria ya ubongo. Walikuta kinyume chake: dalili za kutengenezwa kwa gesi hiyo zilikuwa juu zaidi kwa watoto wenye vimelea wasioonyesha ugonjwa, na chini kabisa kwa wale waliokufa kwa malaria ya ubongo. Mwaka 2003 ikaonyeshwa kwamba watoto wenye malaria ya ubongo walikuwa na aginini pungufu katika damu. Mwaka 2015 uchunguzi mwingine wa watoto wa Tanzania ulionyesha kwamba katika malaria kali biopterini iliyo nzima hupungua, na ile iliyooksidishwa huongezeka. Yaani malighafi imepungua, na msaidizi wa kimeng'enya ameharibika.

Hapo ndipo mtu mwenye haraka angesema: basi tuwape watoto gesi yenyewe. Jambo hilo lilijaribiwa kwa utaratibu wa kitaalamu nchini Uganda, katika hospitali za Jinja na Mbarara. Watoto wenye malaria kali walivutishwa oksidi ya nitriki pamoja na dawa za kawaida. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 hayakuonyesha kwamba walipata nafuu zaidi ya wenzao waliopewa dawa za kawaida bila gesi hiyo.

Habari za vidonge vya vitamini zinafanana na hizo. Katika majaribio ya muda mfupi, vitamini C nyingi iliyotiwa moja kwa moja mshipani iliwafanya wavuta sigara na wagonjwa wa kisukari walegee mishipa vizuri zaidi kwa saa ile. Lakini mwaka 2008 yalitolewa matokeo ya jaribio la miaka ipatayo 8 kwa madaktari wanaume zaidi ya 14,000 nchini Marekani. Waliomeza vidonge vya vitamini C au E hawakupungukiwa na magonjwa ya moyo na mishipa kuliko wale waliomeza vidonge visivyo na kitu.

Tunajifunza nini? Kwanza, maelezo ya namna kitu kinavyofanya kazi mwilini yaweza kuwa ya kweli, na bado yasitoe tiba. Pili, mtu asiyepungukiwa na mlinzi hafaidiki sana kwa kuongezewa walinzi kumi. Mchuuzi wa chupa huchukua nusu ya kwanza ya habari na kuificha ya pili. Mwalimu hana budi kufundisha nusu zote mbili.

Namna ya kufundisha

Tunapendekeza hatua nne. Majaribio yanafaa hata kwa madarasa ya juu ya shule ya msingi. Majina ya vimeng'enya na mlolongo wa kikemia yaachiwe shule za sekondari na vyuo.

Hatua ya kwanza: mfano wa shamba. Mwalimu awaulize wanafunzi mambo yanayohitajika ili mtu avune mahindi. Watataja mbegu, jembe, mkulima, na mtu wa kufukuza ngedere na ndege. Kisha ajenge ulinganisho: mbegu ni aginini, mkulima ni kimeng'enya, jembe ni wasaidizi watokanao na vitamini B2 na B3, fundi anayelitengeneza jembe likivunjika ni folati, mlinzi wa shamba ni vitamini C na E. Aulize: "Walinzi kumi katika shamba lisilopandwa watavuna nini?" Tena: "Shamba lililopandwa vizuri bila mlinzi, je?" Majibu yatatoka kwa wanafunzi wenyewe. Mwishoni aeleze kwamba kila mfano una mpaka wake: mahindi huwekwa ghalani, lakini oksidi ya nitriki haiwekwi.

Hatua ya pili: jaribio la mkono. Asubuhi za Juni na Julai baridi ya Njombe huwapatia walimu nafasi nzuri. Yatayarishwe mabakuli mawili, moja la maji ya kawaida na jingine la maji ya moto wa kuvumilika, kiasi cha nyuzi 40 za Sentigredi, yaliyopimwa kwanza kwa kipimajoto au kwa kiwiko cha mwalimu. Mwanafunzi atie mkono mmoja katika kila bakuli kwa dakika 20, na maji ya moto yaongezwe kidogo kidogo mkono ukiwa nje. Mwenye kidonda au asiyehisi joto vizuri asitumiwe. Kisha darasa lilinganishe viganja, kucha na mishipa iliyo nyuma ya mikono. Viganja na kucha huonyesha badiliko vizuri kuliko ngozi nyeusi ya juu. Mkono uliopashwa joto utakuwa mwekundu zaidi, na mishipa yake itakuwa imejaa. Mwalimu aeleze kwamba mwanzoni badiliko huletwa zaidi na neva, lakini baada ya dakika kadhaa oksidi ya nitriki ina sehemu kubwa katika kuiweka mishipa ya ngozi wazi. Gesi hatukuiona, bali tumeiona kazi yake.

Hatua ya tatu: jaribio la kabichi. Mahitaji ni kabichi, kiazi mviringo, myeyusho wa iodini, glasi nyeupe na bomba la kudondoshea. Kiazi kikwanguliwe katika maji na kuchujwa, kisha wanga uachwe utuame. Kijiko kimoja cha chai cha wanga huo kikorogwe katika nusu lita ya maji yanayochemka, kisha kiachwe kipoe. Iodini itiwe tone kwa tone hadi maji yawe ya buluu. Yagawanywe sawasawa katika glasi tano.

Kabichi ya uzito uleule itayarishwe kwa namna tatu: mbichi, iliyochemshwa dakika 5, na iliyochemshwa dakika 30. Kila moja ipondwe pamoja na kiasi kilekile cha maji safi na kuchujwa. Maji yaliyochemshia kabichi ya dakika 30 yahifadhiwe kuwa sampuli ya nne, na maji matupu yawe ya tano. Sampuli zote zipozwe kabla ya kutumiwa, kwa sababu joto peke yake huondoa rangi ya buluu na kuwadanganya wanafunzi. Kila sampuli idondoshwe katika glasi yake, na matone yahesabiwe mpaka buluu ipotee. Matone yakiwa machache, vitamini C ni nyingi.

Kwa kawaida kabichi mbichi hushinda, iliyochemshwa muda mrefu hubaki nyuma, na maji ya kuchemshia huonyesha kwamba sehemu ya vitamini imehamia humo. Mwalimu wa madarasa ya juu aongeze kwamba iodini hupoteza rangi kwa vitu vingine pia vyenye tabia kama ya vitamini C, kwa hiyo kipimo hiki ni cha kulinganisha, wala si cha kutoa idadi kamili. Iodini haionjwi, na vyombo vyake visirudishwe jikoni.

Hatua ya nne: kutoka darasani kwenda jikoni. Wanafunzi wachunguze kwao na katika jiko la shule: mboga hukatwa lini, kabla ya kuoshwa au baada? Maji ya kuchemshia humwagwa? Magadi hutiwa? (Magadi huharakisha kuharibika kwa vitamini C.) Unga ni dona au sembe? Mboga zilizokatwa asubuhi hukaa juani mpaka saa ngapi? Mnafu, majani ya maboga na kabichi hupikwa dakika ngapi? Majibu yaletwe darasani bila kutaja jina la nyumba ya mtu, ili mzazi yeyote asiaibishwe.

Katika kupima maendeleo, tunashauri mwalimu aache swali la "Taja kazi za vitamini C", na badala yake aulize kwa mfano: "Mchuuzi anasema chupa yake ya vitamini hutengeneza hewa inayofungua mishipa. Sehemu gani ya maneno yake ina ukweli, na sehemu gani haina?" Mwanafunzi anayeweza kulijibu swali hilo kwa hoja ameelewa somo.

Mambo ya kuangaliwa

Mwalimu asitoke katika mpaka wa somo lake. Asimwambie mwanafunzi kwamba mboga za majani zitatosha kumtibu babu yake shinikizo la damu, wala kwamba vitamini hutibu malaria. Mkoa wa Njombe ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo nchini kwa sababu ya baridi na mwinuko wake, lakini watu wetu husafiri kila siku, na mwenye homa baada ya safari anapaswa kupimwa mapema.

Mboga zilizopikwa zisiachwe muda mrefu mahali pa joto, kwa kuwa bakteria huweza kuigeuza nitrati yake kuwa nitriti nyingi. Nitriti ikizidi huharibu uwezo wa himoglobini wa kubeba oksijeni, na walio hatarini zaidi ni watoto wachanga. Watoto walio chini ya miezi 6 wanyonyeshwe maziwa ya mama peke yake.

Tena mwalimu asiyakuze mambo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kiasi cha nusu ya watoto wenye umri chini ya miaka 5 mkoani Njombe wamedumaa, ingawa mkoa huu huvuna mahindi, viazi, maharage na mboga za kulisha na mikoa mingine. Udumavu una sababu nyingi: namna ya kuwalisha watoto wachanga, maradhi ya mara kwa mara, kazi nyingi za akina mama, na mengineyo. Si haki kusema kwamba oksidi ya nitriki ndiyo chanzo. Lakini tarakimu hiyo yatuonya kwamba kuwa na chakula shambani si sawa na kuwa na lishe mwilini. Malori ya kabichi na viazi hupita Makambako kwenda Dar es Salaam, na mtoto wa mkulima yuleyule aweza kushinda kwa ugali wa sembe na mboga iliyochemshwa hadi ikapoteza sehemu kubwa ya vitamini zake.

Hitimisho

Tumeeleza kwamba oksidi ya nitriki hutengenezwa mwilini kwa njia mbili, ya aginini na ya nitrati, na kwamba hudumu kwa sekunde chache tu. Vitamini B2 na B3 ni sehemu ya vyombo vya kazi. Folati hutengeneza kilichoharibika. Vitamini C na E hulinda. Tumeona pia kwamba kuongeza gesi au vidonge kutoka nje hakujaleta matokeo yaliyotumainiwa, hata pale ambapo upungufu ulikuwa wa kweli.

Somo la vitamini likifundishwa hivi litachukua vipindi viwili au vitatu zaidi ya orodha, na walimu wenye muhtasari mrefu watalalamika. Sisi tunaona kwamba vipindi hivyo havipotei. Wanafunzi wetu wengi hawatakuwa wanakemia, lakini karibu wote watapika mboga, watalisha watoto, na siku moja watasimama stendi mbele ya mtu mwenye chupa mkononi. Tunawaomba walimu wenzetu walijaribu jaribio la kabichi muhula huu, waandike idadi ya matone waliyoyapata na shida walizokutana nazo, na kutuletea habari hizo kwa faida ya wote.